Dakika za Kwanza si za Polisi

Tishio la bomu mahali pa kazi ni taarifa, ya kweli au ya uongo, kwamba kilipuzi kimetegwa au kitategwa ndani ya jengo au karibu nalo. Taarifa hiyo huja kwa simu, kwa meseji, kwa barua iliyosukumwa chini ya mlango, au kwa begi lisilo na mwenyewe lililokutwa barazani. Kuhusu namna ya kulipokea, rai iliyoenea, kuanzia maghorofa ya Posta jijini Dar es Salaam hadi ofisi za kata kama Lalago, wilayani Maswa mkoani Simiyu, ni fupi: bomu ni kazi ya polisi na jeshi, kazi ya mfanyakazi ni kukata simu, kupiga kelele na kutimua mbio. Rai hiyo ina pacha wake, ambaye husemwa kwa kicheko: nani atajisumbua kutega bomu Lalago? Huyo ni mhuni tu, tuendelee na kazi.

Rai hizi mbili huonekana kupingana, lakini zimetoka tumbo moja. Zote humvua mfanyakazi wajibu. Ya kwanza humwambia hana analoliweza, ya pili humwambia hana la kufanya. Ukweli ni kwamba kati ya simu kuita na askari kufika kuna dakika nyingi, na dakika hizo hazina mwenyewe isipokuwa karani aliyepokea simu na wenzake waliomo ofisini. Katika muda huo kuna kazi tano ambazo hakuna mtu wa nje awezaye kuwafanyia: kusikiliza, kuandika, kuarifu, kuangalia na kuondoka. Kila moja ina mahali pake katika mpangilio, na kuvuruga mpangilio huo kumewahi kuua watu hata pasipokuwa na bomu lolote.

Tishio ni taarifa

Kwa mtazamo wa kwanza, historia ya Afrika Mashariki huipa nguvu rai ya mzaha. Tarehe 7 Agosti 1998, gari lililojazwa vilipuzi lililipuka nje ya Ubalozi wa Marekani katika Barabara ya Laibon, Dar es Salaam, likaua watu 11. Asubuhi hiyohiyo gari jingine liliua zaidi ya watu 200 kwenye ubalozi wa nchi hiyohiyo katikati ya Nairobi. Tarehe 11 Julai 2010, mabomu yaliua zaidi ya watu 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia mjini Kampala. Tarehe 5 Mei 2013, bomu lilirushwa kwa waumini katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu, Olasiti, Arusha. Yote hayo yaliwakuta watu bila simu ya kuwaonya. Anayekusudia kuua wengi hana faida ya kuwatangazia waondoke. Kutokana na hilo, wenye rai ya mzaha hukata shauri kwamba kila anayepiga simu ni mwongo.

Hitimisho hilo limeruka hatua. Kwamba wauaji wengi hawapigi simu haimaanishi kwamba hakuna mpigaji aliye mkweli. Tarehe 22 Julai 1946, simu za onyo zilipigwa kabla ya Hoteli ya King David mjini Jerusalem kulipuliwa. Jengo halikuhamwa, na watu 91 wakafa. Tarehe 15 Agosti 1998, siku 8 tu baada ya milipuko ya Dar es Salaam na Nairobi, simu za onyo zilipigwa kuhusu bomu katika mji wa Omagh, Ireland ya Kaskazini. Bomu lilikuwapo kweli, likaua watu 29. Na mlipuko wa Nairobi wenyewe, ingawa wafanyakazi hawakupigiwa simu asubuhi hiyo, ulikuwa umetanguliwa na onyo la aina nyingine: Novemba 1997 mtu mmoja aliingia katika ubalozi wa huko na kueleza mpango wa kuulipua kwa gari. Maelezo yake yalipimwa, yakaonekana hayaaminiki.

Kwa hiyo tishio haliamuliwi kwa mazoea. Hupimwa kama taarifa nyingine yoyote, kwa kutazama lina nini ndani yake. Mtu anayesema tu “mtalipuka nyote” kisha akakata simu ametoa kitu kidogo sana. Anayetaja chumba, saa, umbo la kilipuzi na sababu ya hasira yake ametoa kitu kizito, hasa kama anataja mambo ambayo mpita njia hayajui: kwamba stoo ya nyuma haina kufuli, kwamba mhasibu huingia saa mbili unusu, kwamba mlinzi wa usiku huondoka kabla wa mchana hajafika. Uzito huo hauonekani ila kwa aliyesikiliza, na hapo ndipo rai ya kukata simu inapovunjika.

Simu isikatwe

Aliyepokea simu ndiye shahidi pekee. Polisi watakapofika, watakuta jengo na watu wenye hofu; sauti hawataikuta. Kila kitu kuhusu mpigaji kitatoka katika kumbukumbu ya karani, na kumbukumbu ya mtu aliyeshtuka haikai hata nusu saa bila kuchanganyika na maneno ya wenzake. Ndiyo maana miongozo ya usalama ya nchi nyingi humpa mhudumu wa mapokezi karatasi moja yenye maswali, aiweke karibu na simu, aijaze wakati mpigaji bado anazungumza.

Maswali yenyewe hayahitaji mafunzo ya kijeshi. Bomu liko wapi? Litalipuka saa ngapi? Likoje, limewekwa ndani ya nini? Nini kitalilipua? Nani ameliweka? Kwa nini? Unapiga kutoka wapi? Jina lako nani? Wapo wapigaji ambao hujibu hata swali la mwisho, kwa sababu mtu aliyejiandaa kutisha hajajiandaa kuhojiwa. Anayenyamaza naye ametoa jambo, kwa kuwa ukimya wake huacha nafasi ya kusikia yaliyo nyuma yake: injini ya basi inayonguruma stendi, mashine ya kusaga, watoto wa shule, adhana, redio. Lafudhi nayo huandikwa. Mwenyeji wa Maswa hutofautisha haraka Kiswahili cha Msukuma na cha mtu wa pwani, na humtambua mtu anayejaribu kuigiza sauti isiyo yake. Maneno ya mpigaji huandikwa jinsi alivyoyatamka, matusi yakiwamo, bila kusafishwa.

Wakati karani anasikiliza, mkono wake mwingine humwashiria jirani yake, au humsukumia kipande cha karatasi kilichoandikwa “bomu, simu”. Jirani huyo ndiye humfuata mkuu wa ofisi. Hivyo taarifa hutembea bila simu kukatwa. Kama tishio limekuja kwa meseji, halifutwi wala halijibiwi kwa matusi. Huhifadhiwa lilivyo, pamoja na namba na saa. Kama ni barua, hushikwa na mtu mmoja tu, kwa pembe, na kuwekwa ndani ya bahasha. Haipitishwi mkono kwa mkono ofisi nzima iione.

Hapa wenye rai ya kwanza huuliza: namba ya mhuni itasaidia nini? Nchini Tanzania itasaidia sana. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019, na tangu Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Namba na saa kamili ya simu ni mwanzo wa njia inayoelekea kwa mtu. Karani aliyekata simu kwa hofu, kisha akafuta meseji kwa kuona mkosi, ameiziba njia hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Yowe na mbio

Rai ya kukimbia hujengwa juu ya jambo lisilopingika: uhai wa watu una thamani kuliko mafaili. Kosa lake ni kudhani kwamba mbio ni sawa na usalama. Kenya ilipata ushahidi wa kutosha katika mwaka mmoja. Tarehe 2 Aprili 2015, watu wenye silaha waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Siku 10 baadaye, alfajiri, hitilafu ya umeme ilitoa mlipuko katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi waliamini kwamba wamevamiwa, wakaruka kutoka madirishani. Mmoja alikufa na zaidi ya 100 waliumia. Tarehe 30 Novemba mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kilifanya zoezi la usalama ambalo wengi hawakujua kuwa ni zoezi. Milio ya risasi iliposikika, watu waliruka kutoka ghorofani. Mfanyakazi mmoja wa chuo alikufa. Hakuna adui aliyekuwapo Kikuyu wala Strathmore. Vifo vililetwa na mbio zenyewe.

Kisa cha Strathmore hutumiwa na baadhi ya wakuu wa ofisi kama sababu ya kutofanya mazoezi kabisa. Hilo ni kulisoma tukio kichwa chini. Zoezi lenye madhara ni lile la kushtukiza, linaloigiza shambulio mbele ya watu wasiojua. Zoezi la kutembea kutoka mezani hadi mahali pa kukusanyika, lililotangazwa siku moja kabla, halijawahi kumhitaji mtu aruke dirishani.

Lipo pia suala la kelele yenyewe, na katika Usukuma ni zito kuliko kwingine. Tangu miaka ya mwanzo ya 1980, sungusungu walipoibuka kupambana na wizi wa mifugo na ujambazi katika mikoa ya Shinyanga na Tabora, yowe limekuwa amri. Likipigwa, kila mwanamume mwenye nguvu hutoka na kukimbilia linakotokea, asiyetoka huulizwa. Desturi hiyo imeokoa ng’ombe wengi na watu wengi, na Simiyu, iliyomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, imeirithi. Lakini mfanyakazi wa ofisi anayetoka nje akipiga yowe la bomu ameita umati kwenye kitu ambacho umati ulipaswa kukikimbia. Dakika 5 baadaye uwanja wa ofisi utakuwa umejaa bodaboda, wauza mboga, watoto na wazee waliokuja kusaidia.

Jijini Nairobi mwaka 1998 jambo la namna hiyo lilitokea kwa kipimo kikubwa. Washambuliaji walirusha kwanza guruneti la kishindo kwenye geti la ubalozi. Wafanyakazi wa majengo ya jirani walisogea madirishani kutazama kuna nini, na bomu lilipolipuka muda mfupi baadaye vioo viliwakuta usoni. Wengi walipoteza macho. Kwa hiyo ishara ya kuhama kwa sababu ya bomu haitakiwi kuwa yowe, wala kengele ya moto, ambayo huwatoa watu mbio kwa mlango wa karibu bila kujua mlango huo unaelekea wapi. Inatosha mkuu wa ofisi na watu wawili waliopangwa kupita chumba kwa chumba na kusema sentensi moja tulivu: kuna tahadhari ya usalama, chukua mkoba wako, toka kwa mlango wa nyuma, nenda uwanjani.

Kuchukua mkoba kunaonekana kwenda kinyume na mafunzo ya moto, yasemayo acha kila kitu. Sababu yake ni wazi. Kila mtu akitoka na mkoba wake, mkoba unaobaki hauna mwenyewe, na mkaguzi hapotezi saa nzima akizunguka kapu la chakula la mhasibu.

Macho ya wenyeji

Wengi hugoma kabisa wakisikia kwamba mfanyakazi anatakiwa kuangalia. Husema kutafuta bomu ni kazi ya wataalamu, na hakuna karani anayelipwa mshahara wa kufa. Sehemu ya hoja hiyo ni sahihi. Kugusa, kufungua, kuhamisha, kumwagia maji au kufunika kitu kinachotiliwa shaka ni mwiko kwa yeyote asiye mtaalamu wa kutegua mabomu. Tarehe 8 Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara mkoani Kagera, mwanafunzi alifika na kitu alichokiona kuwa chuma chakavu. Lilikuwa bomu la kurusha kwa mkono. Lililipuka, likaua wanafunzi 5 na kujeruhi makumi. Mkono usio na utaalamu hauna kazi yoyote karibu na kitu cha namna hiyo.

Macho ni jambo jingine. Mtaalamu wa mabomu anajua vilipuzi, lakini haijui ofisi. Hajui kwamba ndoo ya bluu chini ya ngazi ni ya mfagizi, kwamba boksi la dawa mlangoni lilishushwa jana kutoka bohari, kwamba katika kona ya choo hapajawahi kuwa na begi. Mwenye ujuzi huo ni yule anayekaa humo kila siku. Mwaka 2010, baada ya milipuko ya Kampala, begi lenye fulana ya vilipuzi ambayo haikulipuka lilikutwa katika klabu ya starehe eneo la Makindye. Lilifika mikononi mwa polisi, na simu iliyokuwa pamoja nalo ikawa uzi muhimu wa uchunguzi. Mahali penye watu wanaojua kipi chao na kipi cha kigeni, kitu cha kigeni huonekana.

Kuangalia kuna utaratibu wake. Kwanza hukaguliwa njia ya kutokea na mahali pa kukusanyika, ili watu wasipelekwe kwenye hatari. Kisha hukaguliwa sehemu ambazo mtu yeyote anaweza kuingia bila kuulizwa: baraza, mapokezi, vyoo, jiko, chini ya ngazi, pembeni mwa tangi la maji. Mwisho, kila mfanyakazi hutazama chumba chake. Watu wawili husimama mlangoni, hunyamaza na kusikiliza. Kisha macho hupita sakafuni hadi kiunoni, kiunoni hadi kichwani, kichwani hadi darini. Kisicho na mwenyewe hakiguswi. Aliyekiona huondoka kwa njia aliyoingilia, hukumbuka mahali kilipo, huzuia wengine, na haongei kwa simu ya mkononi wala redio ya upepo akiwa karibu nacho; umbali wa mita 15 ndio hutajwa mara nyingi kama mpaka wa chini. Pale mpigaji alipotaja muda mfupi na mahali mahususi, ukaguzi huachwa na watu huondoka mara moja. Wala halazimishwi mtu: anayeogopa hutoka, na hapaswi kuchekwa kesho yake.

Umbali na upande

Rai ya kukimbia haisemi mtu akimbilie wapi, na huo ndio upungufu wake mkubwa kuliko wote. Jijini Dar es Salaam au Lalago, watu wakitoka ofisini husimama palepale wanaposimama siku zote: getini, chini ya mwembe au mwarobaini, penye kivuli, ambapo ndipo bodaboda na magari ya ofisi huegeshwa. Makadirio ya Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani yanayotumiwa katika mafunzo mengi husema kwamba bomu la bomba lenye kilo 2.3 za kilipuzi huhitaji watu wawe nje ya mita 21 angalau, na ikiwezekana zaidi ya mita 366. Kwa bomu la ukubwa wa sanduku la nguo, kilo 23, ni mita 46 angalau, na ikiwezekana zaidi ya mita 564. Mwembe wa ofisi uko hatua chache tu kutoka barazani. Chini yake kuna kivuli, hakuna usalama.

Upande nao ni muhimu sawa na umbali. Wapigaji wa simu za Omagh walitaja mahakama ya mji. Polisi waliwasogeza watu mbali na mahakama, wakaishia karibu na gari lenye bomu, lililokuwa limeegeshwa sehemu nyingine ya mji. Askari hao walitii maneno ya simu, na maneno yalikuwa na kosa. Funzo lake ni kwamba mahali pa kukusanyika pachaguliwe mapema, pawe zaidi ya mahali pamoja, pasiwe na magari wala mapipa ya taka, na pakaguliwe kabla watu hawajapelekwa. Uwanja wa mpira wa shule, wenye ukuta au jengo jingine kati yake na ofisi, ni bora kuliko kivuli chochote.

Watu wakishafika huko huhesabiwa kwa daftari la mahudhurio na daftari la wageni. Hesabu hii haifanywi kwa kutupa macho. Asiyeonekana hutafutwa kwa kuuliza nani alimwona mara ya mwisho na wapi, na jibu hupewa polisi. Mwenzake harudi ndani kumfuata. Kurudi huruhusiwa pale tu polisi waliokagua jengo wanaposema ni salama. Saa iliyotajwa na mpigaji ikipita bila kishindo, hiyo peke yake haithibitishi kitu.

Nani anaamua, na nani anaambiwa

Imani kwamba polisi ndio huamua watu watoke au wabaki huwafanya wakuu wa ofisi wakae wakisubiri amri kwa simu. Katika miongozo mingi ya usalama, uamuzi wa awali wa kuhama ni wa mwenye dhamana ya jengo. Polisi hushauri, na huchukua uongozi wakifika au wanapokuwa na taarifa za ziada. Sheria ya Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo humwekea mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi wake. Mkuu asiyemteua msaidizi wa kuamua siku asiyokuwapo ameiacha ofisi bila kichwa, maana wapigaji wa simu za vitisho hawasubiri arudi kutoka kikaoni Bariadi, makao makuu ya mkoa.

Uamuzi wenyewe una njia tatu: kuendelea na kazi huku tahadhari ikiongezwa, kuangalia kisha kuamua, au kuondoka papo hapo. Tishio tupu lisilo na mahali wala saa laweza kuelekeza kwenye njia ya pili. Tishio lenye mahali, saa na maelezo ya ndani huelekeza kwenye ya tatu. Kitu cha kutiliwa shaka kikionekana, hakuna mjadala tena. Vyovyote iwavyo, polisi hupigiwa simu mapema kwa namba 112, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa 114. Kungoja uhakika kabla ya kuwaarifu ni kuwanyima muda wa safari.

Watu wengine huarifiwa kwa kiasi. Hapa kosa lina sura mbili. Wapo wakuu wanaoficha jambo ili ofisi isiaibike, na wapo wafanyakazi wanaolirusha kwenye magrupu ya WhatsApp hata kabla hawajafika uwanjani, likiwa limeongezwa chumvi: tayari limelipuka, tayari wamekufa kumi. Kuficha huwanyima watu haki ya kujinusuru. Kurusha huleta umati, huwaliza jamaa walioko mbali, na humpa mpigaji jukwaa alilolitaka. Tena kuna upande wa sheria: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 huadhibu kusambaza kwa makusudi taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Mfano mzuri wa kiasi hicho ulionekana Mombasa. Tarehe 20 Desemba 2015, ndege ya Air France iliyotoka Mauritius kwenda Paris, ikiwa na abiria 459 na wahudumu 14, ilitua ghafla katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi baada ya kitu cha kutiliwa shaka kukutwa chooni. Aliyekiona aliarifu, rubani akashusha ndege, wahudumu wakawatuliza abiria, watu wakatolewa, wataalamu wakakichunguza. Ilibainika kuwa ni maboksi, karatasi na saa ya kupimia muda. Hakikuwa na kilipuzi. Hakuna aliyeweza kusema kwamba kazi ile ilikuwa bure, kwa sababu kabla ya kuchunguzwa hakuna aliyejua.

Lalago haiko nje ya habari hii

Imebaki hoja kwamba yote haya ni ya mijini. Kwa kweli, kadiri ofisi ilivyo mbali na wataalamu ndivyo dakika za kwanza zinavyorefuka. Mjini Dar es Salaam kikosi cha kutegua mabomu kinaweza kufika ndani ya muda mfupi. Lalago hukaa wafanyakazi wa kata, walimu, wauguzi na makarani wa vyama vya msingi vya ushirika; mtegua mabomu lazima asafiri. Muda wote huo jengo liko mikononi mwa wenyeji.

Vilipuzi navyo si vigeni kwa ukanda huu. Baruti hutumika kupasulia miamba katika machimbo ya dhahabu na almasi ya Kanda ya Ziwa, na mwalimu wa Simiyu ana kila sababu ya kuukumbuka mfano wa Ngara mtoto akimletea chuma asichokijua. Tena tishio la uongo lina faida kwa mwizi. Msimu wa ununuzi wa pamba, ofisi iliyokimbiwa kwa yowe, kasiki wazi na kompyuta mezani, ni mavuno ya mtu aliyetumia vocha ya mia tano tu. Ofisi iliyotoka kwa utaratibu hufunga kasiki, huacha vyumba bila kufuli ili wakaguzi wapite, na humweka mlinzi kwa mbali mahali anapoweza kuona nani anaingia.

Majengo yenyewe hudai mpango. Ofisi nyingi za kata, zahanati na shule zina mlango mmoja wa mbele, na madirisha yenye nondo zilizochomelewa kuzuia wezi. Nondo hizo hazifunguki siku ya hatari. Watu 20 wanaokimbilia mlango mmoja wenye upana wa sentimeta 90 watakanyagana. Kwa hiyo mlango wa nyuma uliozibwa kwa makabati ya mafaili unatakiwa uwe wazi siku zote, na ufunguo wake ujulikane ulipo.

Gharama ya haya yote ni ndogo: karatasi moja ya maswali karibu na simu, orodha ya namba ukutani, ikiwamo ya mkaguzi wa polisi wa kata na ya kituo cha polisi cha wilaya, majina ya watu wawili wenye uamuzi, sehemu mbili za kukusanyikia zilizopimwa kwa hatua, daftari la wageni linaloandikwa kweli, na zoezi la kutembea mara mbili kwa mwaka, lililotangazwa. Tukio likishapita, la kweli au la uongo, mkuu wa ofisi huandika taarifa: nani alipokea, saa ngapi, maneno gani, nani aliamua, watu walitoka kwa dakika ngapi, nini kilikwama. Nakala huenda polisi na kwa mwajiri, na kilichokwama hurekebishwa kabla ya zoezi linalofuata.